UZI: Wazazi wetu wanaojifunza kompyuta wanauziwa kinga bandia. Tuanzie wapi?

FundiLurambi (Kakamega)

Wadau, jambo hili limenikaa rohoni wiki mbili sasa. Naendesha saiba ndogo hapa Lurambi, na kila Jumamosi mchana huwa tunafundisha kompyuta katika ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wengi ni watu wazima: walimu waliostaafu, akina mama wa chama, wazee wachache ambao watoto wao wamewatumia laptopu kutoka Nairobi au ng'ambo. Wanachotaka hakizidi mambo matatu: barua pepe, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), na kuonana na wajukuu kwa video.

Mmoja wao ni mwalimu mstaafu, sote tunamwita Madam. Alikuwa hakosi darasa. Kisha akakosa Jumamosi tatu mfululizo. Nilipompigia alisema miguu inamsumbua. Binti yake ndiye aliyeniambia ukweli, siku alipokuja saiba kuchapisha barua: laptopu imefungwa kwa leso, imewekwa juu ya kabati, na mama hataki hata kusikia ikitajwa.

Yalianza hivi. Madam alikuwa anatafuta nyimbo za kwaya, akaangukia ukurasa uliomtaka abofye kitufe cha Allow ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Akabofya. Kuanzia jioni hiyo vikaanza kutokea visanduku kwenye kona ya chini ya skrini, vyenye ngao, jina la antivirusi (programu ya kukinga kompyuta na virusi) inayojulikana duniani, na maandishi mekundu kwamba virusi vitano vimepatikana. Akifunga kimoja, kingine hiki hapa. Siku ya pili akakibofya. Ukurasa ukaijaza skrini nzima, mstari ukakimbia kutoka asilimia moja hadi mia, majina ya faili yakapita mbio, mwisho akaambiwa apakue dawa. Akaipakua. Dawa nayo ikapekua, ikadai imepata makosa zaidi ya mia nane, ikaahidi kuyaondoa yote kwa dola 39.99. Hizo ni kama shilingi 5,200. Akaingiza namba za kadi ya benki, ile ya akaunti ya pensheni. Mwezi uliofuata akakatwa tena. Wa tatu vilevile, kwa sababu alikuwa amejisajili malipo ya kila mwezi bila kujua.

Madam amefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini, si mtu wa kupumbazwa ovyo. Alifanya anachofanya mtu makini akisikia nyumba inaungua: alikimbilia maji. Kinachoniuma ni kwamba hofu ile tulimpa sisi. Somo letu la kwanza la usalama lilikuwa, "Mtandaoni kuna virusi, muwe macho." Basi. Tulimwambia adui yupo, hatukumwonyesha mlinzi wake anafananaje. Aliyekuja amevaa sare ndiye aliyemwamini.

Kwa hiyo nimebadilisha darasa. Sasa somo la kwanza kabisa, kabla hata ya barua pepe, kila mtu anafungua mwenyewe Windows Security kwenye laptopu yake. Watu wengi hawajui kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kompyuta huja na antivirusi yake ndani, Defender, na hailipiwi hata senti. Wanaitafuta ngao ndogo karibu na saa, chini kulia. Wanaanzisha ukaguzi wa haraka na kuungoja hadi uishe. Wanaona maneno yake yalivyo ya utulivu, hayahesabu sekunde kurudi nyuma, hayatishi, hayaulizi kadi. Nataka waizoee sura hiyo kama wanavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani akibisha hodi.

Cha pili ninachowaambia ni kwamba ukurasa wa mtandao hauwezi kuipekua kompyuta yako. Ule mstari unaokimbia ni picha, ulichorwa kabla hujafika, na kila anayefika huonyeshwa uleule. Nilifungua ukurasa wa aina hiyo kwa simu yangu, ukaniambia umepata virusi kwenye diski C, jina la diski kuu ya kompyuta ya Windows. Simu haina diski C! Mama mmoja wa chama alipoliona hilo alipiga kofi mezani, na nadhani hatalisahau.

Naomba walio na uzoefu, hasa wanaofundisha watu wazima, waongeze au wanikosoe.

---

MstaafuBungoma

Fundi, ahsante kwa kuliweka wazi. Mimi pia ni mstaafu, na naomba niseme upande wetu, maana vijana wetu huuliza swali moja tu: "Kwani ulibofya kwa nini?"

Sisi tumekulia katika nidhamu ya karatasi. Barua ikija na nembo na muhuri mwekundu, unaijibu leo, hulali nayo. Sasa skrini inakuletea nembo, rangi nyekundu, Kiingereza kizito, na onyo kwamba ukichelewa utapoteza kila kitu. Mkono unakwenda wenyewe. Halafu ukishagundua, aibu inakufunga mdomo. Mtoto wako ametumia pesa kukununulia mashine, utamwambiaje kwamba umeiharibu?

Yangu ilikuja na king'ora na sauti ya mwanamke. Ilisema kompyuta imefungwa, nisiizime, nipige simu namba fulani ya ng'ambo. Panya haikusogea. Kila nilipobofya alama ya kufunga, hakuna kitu. Nilichomoa umeme, laptopu ikaendelea kwa betri, nikaifunika kwa blanketi hadi ikanyamaza.

Swali langu: kama ni picha tu kama unavyosema, mbona panya ilikwama?

---

FundiLurambi

Mzee wangu, pole sana, na umefanya vyema kutopiga ile namba. Ungepiga ungepata mtu mwenye upole mwingi, akakuelekeza uweke programu ya kumruhusu aiendeshe kompyuta yako akiwa kwake. Hapo ndipo wizi wenyewe huanza. Tulishike hili wote: maonyo ya kweli ya Microsoft hayana namba ya simu ndani yake. Ukiona namba, umemwona mwongo.

Panya haikukwama. Ukurasa ulijitanua ukaifunika skrini yote, mpaka ile sehemu ya juu yenye kitufe cha kufunga. Kisha ukakuchorea alama ya kufunga ya uongo, na mara nyingi huficha pia mshale. Ulikuwa unabofya mchoro.

Bonyeza Esc na uishikilie sekunde chache, ukurasa utarudi kuwa mdogo na utaona kitufe cha kweli. Ikikataa, shika Alt pamoja na F4. Ikikataa tena, shika kitufe cha kuwasha laptopu mpaka izimike kabisa. Ile sauti inayosema usizime, kazi yake ni kukuzuia usifanye hicho kinachoimaliza. Ukiwasha tena, kivinjari kinaweza kukuuliza kama kirudishe kurasa ulizokuwa nazo. Kataa, la sivyo utamrudisha mgeni uliyemfukuza.

Darasani tunayafanya haya kwa mikono. Ninawajazia skrini kwa picha yoyote, hata ya ng'ombe, nao wanaitoa kwa Esc. Mara kumi kila mmoja. Siku king'ora kikilia akili haitakuwa na nafasi ya kukumbuka maelezo, itabaki mkono unaojua pa kwenda.

---

KondeleTech (Kisumu)

Nimesoma na nakubaliana na mengi, lakini kuna kitu hatukisemi kwa sababu kinatugusa sisi mafundi.

Hapa Kisumu laptopu nyingi za wanaoanza ni ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Zinauzwa bei nafuu, na wateja wanazitaka zikiwa na kila kitu ndani. Sasa Windows na Office zisizolipiwa zinawashwa kwa krak, yaani programu ya kukwepa leseni, na krak nyingi hazifanyi kazi mpaka uzime Defender au uiambie isiguse folda fulani. Fundi anazima, anamaliza kazi, anamkabidhi mteja. Wangapi wanarudi kuiwasha? Mteja anakwenda nyumbani na nyumba isiyo na mlango, halafu tunamfundisha kumtambua mwizi.

Mimi nimefanya hivyo zamani, sitaficha. Niliacha siku laptopu ya msichana wa chuo iliporudi kwangu na faili zake zote za utafiti zimefungwa na zinadaiwa pesa. Nilipoiangalia, folda niliyoisamehe mimi ndiyo iliyobeba ule uchafu.

Kwa hiyo FundiLurambi, ongeza hili kwenye somo lako: fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, kisha mipangilio yake, shuka mpaka chini kabisa uone orodha ya vilivyosamehewa. Kwa mtu anayeanza, orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta diski C nzima imesamehewa, na nimekuta, ujue ile ngao ya kijani hapo juu inakudanganya bila kukusudia.

Na kama bajeti hairuhusu Windows ya kulipia, afadhali nimwekee mteja Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Office, vyote ni vya bure kihalali. Mtu wa barua pepe na eCitizen hatapungukiwa na kitu.

---

FundiLurambi

KondeleTech, hili sikulifikiria, na limenikosesha amani. Laptopu za darasa langu hazikupita kwangu, kila mmoja alinunua kwake. Jumamosi tunazikagua zote.

---

Mchambuzi254

Mnazunguka mbuyu. Suluhisho ni moja: nunua antivirusi ya kulipia, ya jina kubwa, weka, sahau. Vya bure ndivyo vinavyowaponza watu.

---

FundiLurambi

Ndugu Mchambuzi, naelewa unakotoka, na mtu mwenye biashara kubwa ana sababu zake za kununua. Ila kwa mtu anayeanza ushauri huo unamrudisha palepale. Madam alinunua kwa jina kubwa. Jina lilikuwa limeazimwa tu na tapeli. Ukimfundisha mtu kwamba usalama ni kitu cha kulipia, basi kila anayemdai pesa kwa jina la usalama ataonekana mkweli.

Na biashara hii si ya jana. Mwaka 2008 FTC, tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi, iliishtaki Innovative Marketing, kampuni iliyokuwa ikiuza WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus kwa matangazo ya kutisha yenye ukaguzi wa uongo. Waliodanganywa walizidi milioni moja. Mwaka 2012 mahakama ilimwamuru mmoja wa waliokuwa wakiiendesha alipe zaidi ya dola milioni 163. Wale waliokuwa wakinunua walidhani, kama wewe, kwamba wananunua usalama.

Duka kubwa lenye jengo na wafanyakazi nalo si dhamana. Mwaka 2019 Office Depot ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com iliyowatengenezea programu ikalipa milioni 10. Mteja alikuwa akileta kompyuta, anaulizwa maswali manne: inakwenda polepole? imeonyesha visanduku vya ajabu? Akijibu ndiyo kwa lolote, programu ya ukaguzi inatoa majibu kwamba kuna dalili za virusi, hata kama haikuona kitu. Jibu lilitoka kwenye kinywa cha mteja mwenyewe, likarudishwa kwake kama ugonjwa wa kuuziwa dawa.

Hata antivirusi ya kweli huweza kukugeuka. Mwaka 2024 FTC iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake, wale waliowaahidi kuwalinda wasifuatiliwe.

Aliye na Windows inayopata masasisho anatosheka na Defender aliyonayo. Zaidi ya hapo namwachia mtu mwenye uzoefu aamue mwenyewe.

---

BintiWaNjoro (Nakuru)

Mnaongea laptopu, huku kwetu vita viko kwenye simu. Shosho (bibi) yangu ana simu ya Android, na kila nikienda Njoro nakuta programu mbili mpya: ya kusafisha, ya kupoza betri, ya kuongeza kasi, ya kuua virusi. Si yeye anayezitafuta. Anasoma ujumbe au anaangalia video ya mahubiri, linatokea tangazo kwamba simu ina virusi na itaharibika baada ya dakika mbili, anabofya. Na sasa zile za kusafisha zenyewe zinamletea matangazo ya nyingine. Bando ya wiki inaisha siku mbili, anadhani ni mtandao unaomwibia.

Mwanzoni nilijua kwamba kitu kikiwa kwenye Play Store ni salama. Mpaka nikasoma kuhusu Virus Shield ya mwaka 2014. Iliuzwa dola 3.99, ikapakuliwa zaidi ya mara 10,000, ikapanda mpaka kuwa miongoni mwa programu za kulipia zinazoongoza. Kazi yake yote ilikuwa hii: ukiigusa, alama ya X inabadilika kuwa alama ya tiki. Hakuna kingine ndani yake. Google iliiondoa na kuwarudishia watu pesa, lakini fikirieni maelfu ya watu waliokuwa wakiangalia tiki na kulala usingizi.

Na mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilijaribu antivirusi 250 za Android. Ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 ya programu hatari bila kuzisingizia zilizo safi. Nyingine zilikuwa na orodha tu ya majina zinayoyaamini, na kila lisilokuwemo zinaliita hatari. Baadhi zilijiripoti zenyewe kuwa virusi kwa sababu waliozitengeneza walisahau kuandika jina lao kwenye orodha.

Nilichomfanyia shosho: nimeziondoa zote, nikamwonyesha Play Protect, ile ya Google iliyomo tayari ndani ya Play Store, nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome nikafuta tovuti zote zilizoruhusiwa kuleta arifa. Zilikuwa kumi na saba! Simu ikanyamaza. Aliniuliza kama nimemnunulia nyingine.

---

FundiLurambi

BintiWaNjoro, hapo kwenye arifa umegusa penyewe. Visanduku vya Madam pia vilikuwa arifa za kivinjari, si virusi. Kwa laptopu njia ni hiyohiyo: mipangilio ya Chrome, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Futa usizozijua. Hapo hapo unaweza kuzuia tovuti zote zisiombe tena ruhusa, na kwa mtu anayeanza mimi nazuia moja kwa moja. Sijaona mzee aliyekosa kitu kwa kukosa arifa za tovuti.

---

MstaafuBungoma

Na hizi programu za kupakua kwenye laptopu, hakuna namna ya kuizuia isiingie hata kama nimekosea nikabofya?

---

KondeleTech

Ipo, mzee. Kompyuta inaweza kuwa na akaunti mbili: ya msimamizi na ya kawaida. Unatumia ya kawaida kila siku. Programu ikitaka kujiweka ndani, nyingi zitakwama na kuomba nenosiri la msimamizi. Hilo nenosiri linakaa kwa mtoto wako au kwa fundi unayemwamini. Wateja wangu wazee ndivyo ninavyowawekea.

---

MstaafuBungoma

Mwanangu, hapo sitakubali. Laptopu ni yangu. Nimestaafu, sijawa mtoto. Kama kila nikitaka kuweka kitu lazima nimpigie kijana wangu Eldoret, basi si yangu tena.

---

FundiLurambi

Mzee ana haki. Na mtu akihisi amefungiwa, atakwenda kwa mwingine amfungulie, na huyo mwingine hatumjui.

Sisi tumejaribu hivi: akaunti zinakuwa mbili, lakini nenosiri la msimamizi analo mwenyewe. Analiandika kwenye daftari, na daftari linakaa chumba kingine, pamoja na hati za shamba na vyeti. Programu ikiliomba, inabidi ainuke, aende, alitafute, avae miwani. Hiyo dakika mbili ya kutembea ndiyo tunayoitaka. Tapeli anaishi kwa haraka yako, na katika kutembea wengi hujiuliza: hivi hiki kitu nilikiomba, au kimekuja chenyewe? Kama kilikuja chenyewe, harudi na daftari.

---

MstaafuBungoma

Hiyo nakubali. Nitafanya hivyo.

---

MlindaLugha (Busia)

Naongeza jambo dogo ambalo kwetu limesaidia. Mama yangu nimemwekea Chrome kwa Kiswahili. Vitufe vyote, menyu zote. Sasa kila kitu cha kweli kutoka kwenye kivinjari chake kinamjia kwa Kiswahili: pakua, ruhusu, zuia, funga. Onyo la matapeli likija, linakuja kwa Kiingereza cha kutisha. Ananiambia, "Huyu si wa hapa, huyu ametoka nje." Lugha yenyewe imekuwa kitambulisho.

---

KondeleTech

Wazo zuri, ila ukipigiwa simu umsaidie mtu, na menyu zake ni za Kiswahili ambacho wewe fundi hujazoea, mtazunguka nusu saa. Na matapeli nao watajifunza Kiswahili. Ujumbe wa simu za uongo wa M-Pesa tayari unaandikwa kwa Kiswahili sanifu kuliko chetu.

---

MlindaLugha

Kweli watajifunza. Lakini leo bado. Na fundi kujifunza maneno ishirini ya menyu ni kazi ndogo kuliko mama yangu kujifunza Kiingereza cha kompyuta akiwa na miaka sabini na moja.

---

FundiLurambi

Nalijaribu hili Jumamosi kwa wale wanaotaka. Nimewahi kuona jinsi mtu anavyolegeza mabega akikuta neno "Funga" badala ya "Close".

---

NyanzaSheria (Kisumu)

Nimeona hakuna aliyesema nini kifanyike baada ya kuibiwa. Kama umelipa kwa kadi, piga benki saa hiyo hiyo, kadi ifungwe, na ueleze kwamba unapinga malipo. Kuna muda maalum wa kupinga, ukingoja mpaka aibu iishe utakuwa umepitwa. Kufuta programu peke yake hakusimamishi makato, kwa sababu makato yako kwenye kadi, hayako kwenye laptopu. Watu wengi hukosea hapo.

Kama ulilipa kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba pesa irudishwe, na ufanye hivyo kabla aliyepokea hajaitoa. Namba ya tapeli iripoti kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, upate namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kikosi chake cha KE-CIRT kinachopokea taarifa kama hizi. Sitawadanganya kwamba aliye ng'ambo atakamatwa kesho. Lakini benki ikikuuliza ushahidi, namba ya OB na picha za skrini zina uzito.

Na kama mtu aliingia kwenye kompyuta yako kwa mbali, katisha intaneti kwanza. Badilisha manenosiri ukitumia kifaa kingine, usitumie hicho alichokigusa.

---

KondeleTech

Na baada ya hapo, ondoa programu yenyewe, kisha endesha ule ukaguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka. Unachukua kama dakika kumi na tano. Vitu vinavyojificha Windows ikiwa macho, hapo vinakosa pa kujificha.

---

FundiLurambi (siku tisa baadaye)

Wadau, narudi na taarifa. Jumamosi tulikagua laptopu kumi na moja. Nne zilikuwa na folda zilizosamehewa, moja Defender ilikuwa imezimwa kabisa na mwenyewe hana habari. KondeleTech, ahsante, bila wewe tungeendelea kuwafundisha watu kuiamini ngao isiyofanya kazi.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Madam. Sikubeba laptopu yangu, nilibeba sukari na mkate. Tulikunywa chai, tukaongea habari za mahindi na mvua, na wanafunzi wake wa zamani ambao sasa ni wazee. Yeye ndiye aliyelitaja. Aliniuliza kama ni kweli kwamba wale watu hawakuwa wameona vitu vyake, maana kwenye laptopu mna picha za mazishi ya mumewe, na kilichomnyima usingizi ni picha hizo kuangaliwa na wageni, zaidi hata ya pesa.

Nilimweleza kwamba ukurasa haukuona kitu. Programu aliyoipakua ni jambo jingine, hiyo ilikuwa ndani, kwa hiyo sikutaka kumwahidi nisichokijua kabla sijaiangalia. Akainuka, akapanda kwenye kiti, akaishusha laptopu mwenyewe. Niliiondoa ile programu, tukaendesha ukaguzi wa kabla ya Windows, haukupata kingine. Picha zote zipo, na sasa ziko pia kwenye flashi aliyoiweka pamoja na hati zake.

Benki ilikuwa imeshafunga kadi, binti yake alikwenda Ijumaa. Makato ya mwezi wa tatu yanafuatiliwa, ya miezi miwili ya kwanza bado hatujajibiwa.

Kisha tukafungua ile orodha ya arifa. Tovuti zilikuwa tisa. Nilitaka kuzifuta haraka tumalize, akanishika mkono. Akavaa miwani, akasoma kila jina kwa sauti, akalifuta. Ya tisa ilikuwa ile ya nyimbo za kwaya. Aliiangalia kwa muda, kisha akaniuliza kama nyimbo zenyewe zinapatikana mahali pengine.